Mtandao wa Makaburini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayewatambua walio hai na waliokufa bila ya kuwauliza namba, na anayezisikia dua za waja Wake hata pale pasipo na mnara. Rehema na amani zimfikie Mtume Wake, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ninaandika habari hizi kwa wino na karatasi, vitu viwili ambavyo Serikali yetu tukufu imekwisha kuvipiga marufuku maofisini, nami naomba radhi mapema kwa hilo. Sina ninachokilalamikia. Nchi yetu ni nchi njema, na ikiwa kuna kosa katika haya nitakayoyaeleza, bila ya shaka ni kosa letu sisi watu wa Mwisho-wa-Njia, tuliokijenga kijiji chetu mbali na pale ambapo Serikali ingependa kutukuta.

Mwaka juzi alitujia Mheshimiwa Waziri wa Mawimbi. Alikuja na magari kumi na moja. Ndani ya gari la tisa mlikuwamo utepe, na ndani ya la kumi mlikuwamo mkasi. Mnara wenyewe ulikuwa umetangulia kwa miezi miwili. Ulikuwa mnara mrefu wa chuma, umepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na juu yake hapakuwa na kitu chochote, hata waya. Mtu mmoja katika sisi alithubutu kuuliza kwa nini. Mheshimiwa alifurahishwa sana na swali lile.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali makini hutekeleza mambo kwa awamu. Awamu ya kwanza ni mnara. Awamu ya pili ni vitu vya kuwekwa juu ya mnara. Je, mlitaka tuviweke vitu juu ya mnara ambao haupo? Huo si ungekuwa ubadhirifu?"

Tukapiga makofi, kwa kuwa hoja ilikuwa imenyooka. Kisha karani wake akakitazama kioo alichokuwa amekishika mkononi, akasoma swali moja kwa sauti: Je, mnara upo? Akaugusa kwa kidole chake, ukatoa mlio wa chuma, naye akajibu: Upo. Tangu saa ile kijiji chetu kikahesabiwa kuwa kimeunganishwa.

Nami, kwa kuwa ndiye ninayesomesha watoto chuoni na kusalisha msikitini, niliombwa niusifu mnara kwa beti. Nilisoma huu, na Mheshimiwa akautikisia kichwa kwa furaha huku akizungumza na simu yake:

*Mnara ulosimama, rangi yako kama shaba,*
*Twakutazama daima, kwa taadhima na huba,*
*Hujatamka kalima, hujatupa hata haba,*
*Au wangoja Kiyama, utuunge mbingu saba?*

Mwezi uliofuata karatasi zikaondolewa. Shule, ushirika wa wakulima na zahanati vikahamia ndani ya kitu kinachoitwa Mfumo, na Mfumo haufikiki ila kwa mtandao. Aliyekwenda wilayani kwa miguu kueleza kwamba mtandao haupo alipokewa kwa heshima, akapewa kiti, akaambiwa kwamba malalamiko ya kukosekana kwa mtandao hupokelewa kwa mtandao.

* * *

Mtandao tuliugundua siku tulipomzika Fundi Mbwana, Mungu amrehemu, mtu ambaye katika uhai wake hakuwa mwepesi wa kuitikia salamu. Nilikuwa nimekaa kichwani mwa kaburi nasoma talakini, na pale nilipofika pa kumkumbusha maiti maswali atakayoulizwa, simu thelathini na mbili zikalia kwa pamoja mifukoni mwa waombolezaji. Baadhi yetu walikimbia. Waliobaki walizitoa simu zao wakakuta ujumbe wa miezi mingi. Kilima chetu cha makaburi, kumbe, kinaelekeana na milima ya nchi jirani, na mawimbi ya watu wale huvuka mpaka bila ya hati ya kusafiria, yakatua juu ya kaburi la Fundi Mbwana, wala hayatui mahali pengine popote.

Nikaweka adabu. Anayekwenda kutafuta mtandao na avue viatu, awasalimu wafu kwanza, asikanyage kaburi, asicheke kwa sauti. Wanaume wakawa wanapanda kilimani kila siku, mmoja anaomba mbolea, mwingine anatafuta matokeo ya mtihani ya mwanawe. Wanawake hawakupanda. Kwetu mwanamke hakanyagi makaburini. Hata mumewe akifa humuaga mlangoni. Kwa hiyo kila mume aliombea nyumba yake yote, na majina ya mke na watoto yakafuata jina lake.

Mbolea zilikuja, na matokeo yalikuja. Kisha, baada ya siku kumi, kukaja ujumbe mwingine. Mfumo, kwa uangalifu wake, hutazama mwombaji anaomba akiwa mahali gani. Nao ukitazama ramani ya Serikali ulikuta kwamba wakazi wote wa Mwisho-wa-Njia wamo makaburini. Ukatoa hukumu ambayo mtu yeyote mwenye akili angeitoa akiwa ameketi mjini. Tuliandikwa marehemu, nyumba baada ya nyumba, sababu ya kifo: haijulikani.

Mwanzoni tulicheka. Tuliacha kucheka pale watoto wa marehemu, ambao nao ni marehemu, walipofutwa shuleni. Waliotaka kurekebishiwa walipanda kilimani kuomba marekebisho, na ombi lao, likitoka palepale, likawa ushahidi wa pili. Kufikia mwezi wa Shaabani wenyeji walio hai katika kijiji kizima, kwa mujibu wa Mfumo, walikuwa wajane wawili wasiokuwa na mume wa kuwapandia kilima, na mtoto mmoja wa mjane. Nilijihesabu na mimi, kwa kuwa sijawahi kumiliki simu.

* * *

Mjane wa kwanza ni Bi Sikudhani, na mtoto huyo ni binti yake, Hidaya, mwenye umri wa miaka saba. Jumamosi moja Hidaya alipokuwa akirudi chuoni kwangu, juzuu ya Amma ikiwa kifuani, alitokewa na mbwa asiye na mwenyewe, anayetokwa na povu na kuyumba kama mlevi, akamuuma kwenye muundi. Mbwa aliuawa. Hidaya alipelekwa zahanati, na mganga wetu Vuai, kijana mwaminifu aliyeletwa na Serikali kutoka mkoa wa mbali, aliliosha jeraha kwa sabuni na maji kwa robo saa nzima.

Nilikuwapo. Niliyaona na kuyasikia.

"Dawa," alisema Bi Sikudhani.

"Chanjo ipo, mama. Ile pale." Vuai alionyesha jokofu lenye mlango wa kioo, linalofanya kazi kwa jua, lililoletwa pamoja na mnara. Ndani yake vichupa kumi na viwili vilikuwa vimejipanga, visafi, vimefanya umande.

"Naiona. Basi mpe."

"Mlango hufunguka kwa namba. Namba hutoka kwenye Mfumo. Na Mfumo, mama, unajua mwenyewe uliko."

"Vunja kioo."

"Nikivunja linajichemsha lenyewe, dawa zote zinaharibika. Limeundwa hivyo ili mwizi asifaidi."

"Mwizi gani anayeiba chanjo ya kichaa cha mbwa, Vuai?"

"Hilo nililiuliza kwenye semina," alisema Vuai, akiwa ameinamisha macho. "Wakanipa cheti cha mahudhurio, wakanirudisha."

Kisha akatueleza, polepole, kama mtu anayesoma wasia. Sindano ni nne: ya kwanza, kisha siku ya tatu, ya saba na ya kumi na nne. Zikitimia, mtoto amepona. Zisipotimia, maradhi yanaweza kukaa kimya wiki nyingi, na siku yatakapojitokeza mgonjwa huanza kuogopa maji, na akishaogopa maji hakuna dawa juu ya uso wa ardhi.

Tangu asubuhi ya pili yake Bi Sikudhani alikuwa akijaza maji kikombe cha bati, anampa mwanawe, na anamtazama koo mpaka amalize.

Jumapili alikwenda kusimama chini ya mnara tangu jua kuchomoza mpaka adhuhuri, ameinyanyua simu, labda awamu ya pili imekuja bila ya kupiga hodi. Jumatatu alinijia barazani.

"Maalim, napanda kilimani."

"Unajua kwamba ukipanda wataandika umekufa."

"Na waandike. Namba huja saa ileile, kifo huja baada ya siku kumi. Wote ilikuwa hivyo. Nitalifungua jokofu kwanza, ndipo nife."

"Angepanda mwanamume kwa ajili yako."

"Mfumo unataka uso wa mzazi. Baba yake yuko hukohuko kilimani, Maalim, lakini uso wake hautoki tena." Akaikaza kanga yake. "Nimekuja kuuliza dini inasemaje. Kama ni haramu nitakwenda nikiwa najua ni haramu."

Nikamwambia yale niliyosomeshwa, kwamba wanavyuoni wamehitilafiana, na kwamba dharura ina hukumu yake, na kwamba mimi nitatangulia mbele. Wanaume waliokuwako kilimani walipomwona walitugeuzia migongo kwa heshima. Alivua ndara zake, akawasalimu waliolala, akapita pembezoni mwa kaburi la mumewe bila ya kugeuza shingo, akafika kwa Fundi Mbwana. Simu ikamwamuru aweke uso wake ndani ya duara. Kisha ikaandika: *Tabasamu, ili tujue kwamba u hai.*

Bi Sikudhani alitabasamu. Nimesoma tungo nyingi za maombolezo katika umri wangu, lakini sikumbuki katika hizo ubeti unaofanana na tabasamu lile.

Kwa bahati, wiki hiyohiyo Serikali ilikuwa imeuboresha Mfumo. Malalamiko ya wananchi kwamba huduma zinachelewa yalikuwa yamesikika, na tangu sasa kifo hakikungoja siku kumi, kilikuja kwanza. Jumanne jibu likafika:

*Mpendwa mwananchi. Ombi lako limepokelewa kutoka: MAKABURINI. Serikali inaungana nawe katika msiba wa kuondokewa na mgonjwa HIDAYA. Sababu ya kifo: kichaa cha mbwa. Kwa usalama wa umma, maiti wa maradhi haya hukaguliwa hospitali kuu. Gari litafika kesho. Namba ya jokofu haihitajiki tena. Je, umeridhika na huduma hii? Bonyeza moja kwa ndiyo.*

Hapakuwa na mbili.

* * *

Sina budi kukiri kwamba gari lilifika. Katika nchi yetu mgonjwa hungoja, lakini maiti hufuatwa mpaka mlangoni. Lilikuwa gari jeupe, na aliyeliendesha ni Bwana Songoro, ambaye Serikali, kwa kubana matumizi, imemfanya kuwa dereva wa maiti na mlinzi wa mochwari kwa pamoja. Aliteremka na karatasi mkononi, karatasi ya kweli, nami nikaitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Poleni na msiba," alisema. "Maiti yuko wapi?"

"Huyu hapa," alisema Bi Sikudhani.

Hidaya alikuwa amesimama kizingitini, anakula kitumbua. Akakihamishia mkono wa kushoto.

"Shikamoo," alisema maiti.

Bwana Songoro aliisoma karatasi, akamtazama mtoto, akaisoma tena. "Marahaba," aliitika mwishowe. "Miaka ishirini na sita nimo katika kazi hii, na hii ndiyo shikamoo ya kwanza kuipata kutoka kwa mteja."

Tulimkaribisha ndani tukamweleza yote. Alisikiliza bila ya kunywa chai aliyopewa. Kisha akauliza neno moja: "Karatasi yangu imeandikwa kichaa cha mbwa. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi sikilizeni. Kila maiti wa kichaa cha mbwa ninayempokea, kanuni ya kazi hunipa mimi sindano moja ya chanjo, nisije nikaambukizwa. Napewa kwa karatasi, dirishani, bila ya namba, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiingiza mochwari katika Mfumo. Maiti mmoja, sindano moja. Nitaichukua, na nitamwita tabibu ninayemwamini amchome mtoto."

"Na wewe je?" niliuliza.

"Mimi maiti wangu bado hajaniuma, Maalim." Akasimama. "Ila maiti hakai mbele. Atalala nyuma, afunikwe. Mama utakaa nami, ulie kidogo tukifika vizuizini."

"Hilo halitakuwa kazi," alisema Bi Sikudhani.

Basi Hidaya alilala nyuma ya gari, akafunikwa shuka nyeupe, akaonywa asipige chafya. Askari wa vizuizi vitano walivua kofia mtoto wetu alipopita, heshima ambayo hakupata kuipata akiwa hai. Jioni wakarudi, sindano ya kwanza ikiwa imeingia mwilini, na Bwana Songoro, kabla ya kugeuza gari, alinishika mkono.

"Bado tatu," alisema. "Huyu nimekwisha kumpokea, daftari halipokei mtu mmoja mara mbili. Jumamosi nitahitaji maiti mwingine. Na awe wa mbwa."

* * *

Wasomaji wetu wanajua tunavyosoma hitima. Msahafu hugawiwa juzuu thelathini, kila mtu huchukua yake, na kwa muda wa kukaa kitako mara moja Kitabu chote huwa kimesomwa, ilhali hakuna aliyekisoma chote peke yake. Alhamisi baada ya Alasiri niliwakusanya watu msikitini, wanawake nyuma ya pazia, nikawaambia kwamba leo tunagawana jambo jingine kwa desturi ileile. Kuna vifo vitatu. Nani atachukua kipi?

Wanaume wote walinyanyua mikono. Nikawakumbusha, na iliniuma kuwakumbusha, kwamba wao ni marehemu tayari, na marehemu hawezi kufa. Mikono ikashuka mmoja mmoja.

Vuai akasimama. "Nife mimi, Maalim. Mimi jina langu ni zima."

"Umewahi kuuliza utaratibu?"

"Nimeuliza asubuhi kilimani. Mtumishi wa umma haandikwi kafa ila kwa kibali cha mwajiri wake. Huchukua miezi mitatu." Akakaa.

Ikabaki kwamba Bi Sikudhani achukue kifo cha Jumamosi. Cha Jumatano inayofuata, siku ya saba, akakidai mjane wa pili, Bi Kidawa, ajuza wa miaka themanini na ushei.

"Nipeni hicho," alisema kutoka nyuma ya pazia. "Mume wangu ananingoja mwaka wa thelathini huu. Akisikia nimekuja kwa gari la Serikali ataona wivu."

Watu wakacheka, wakakumbuka walipo, wakaziba midomo.

Cha mwisho, cha siku ya kumi na nne, nilikichukua mimi.

Bi Sikudhani alipanda kilimani kudai kwamba naye kaumwa, akafa Ijumaa na kuchukuliwa Jumamosi. Safari hii mama ndiye aliyelala nyuma chini ya shuka, na Hidaya akakaa mbele kwa Bwana Songoro kama mfiwa. Aliporudi alinieleza kwamba askari mmoja alimpa peremende na kumwambia avumilie. Sindano ya pili ikaingia. Bi Kidawa alipata taabu kidogo, kwa sababu simu ilimwamuru atabasamu, naye hana jino hata moja. Mara tatu Mfumo uliandika *Tabasamu halikutambuliwa*, na mara ya nne akautolea ulimi, ukaridhika. Sindano ya tatu ikaingia. Tulipomshusha garini aliuliza kama Serikali ina safari nyingine, maana ni miaka mingi hajaona lami.

Kila asubuhi kikombe cha bati kilijazwa, na Hidaya alikunywa, na mama yake alihesabu mafunda. Nami nilianza kuona aibu kwa matumaini niliyokuwa nayo.

* * *

Leo ni Jumanne. Kesho ni siku ya kumi na nne.

Nilipanda kilimani asubuhi, nimetawadha na kuvaa kanzu safi, kwa kuwa hata kifo cha maandishi mtu hapendi kukiendea ovyo. Bi Sikudhani aliniletea simu yake, akanielekeza pa kutazama. Nikaandika jina langu na la baba yangu, nikaeleza kwamba nimeumwa na mbwa mwenye kichaa, nikaitubia kauli hiyo papo hapo, nikaweka uso ndani ya duara na kutabasamu. Jibu lilikuja kabla sijateremsha mkono:

*Mpendwa mwananchi. Ombi lako limepokelewa kutoka: MAKABURINI. Mfumo umeshindwa kuandikisha kifo chako, kwa kuwa hakuna kumbukumbu yoyote kwamba umewahi kuishi. Tafadhali zaliwa kwanza. Kuzaliwa husajiliwa na mama mzazi, kwa uso wake. Je, umeridhika na huduma hii?*

Nina umri wa miaka sabini na mbili. Nimewasomesha baba na babu za watu hawa. Mama yangu amelala hatua sita kutoka pale niliposimama, na jiwe lake nililichonga mwenyewe. Nilimsogelea, nikamsalimu, nikasimama mbele yake, simu ikiwa mkononi, kama kwamba kuna njia.

Bi Sikudhani hakulia. Alisema tu, "Basi kesho gari haliji," akaichukua simu yake, akavaa ndara zake mlangoni mwa makaburi, akateremka.

Adhuhuri ikaja habari ya pili, nayo ni ya furaha, na ingekuwa utovu wa fadhila kuificha. Mwisho-wa-Njia kimeshinda. Katika vijiji vyote vilivyounganishwa nchini, ni chetu pekee ambacho kwa miezi mitatu mfululizo hakijatoa lalamiko hata moja lililo halali. Mheshimiwa Waziri wa Mawimbi anakuja kesho saa tatu asubuhi kutukabidhi cheti chini ya mnara. Kwa kuwa itifaki hairuhusu Waziri kuwahutubia marehemu, malori manne ya wananchi walio hai yataletwa kutoka mjini ili wapige makofi kwa niaba yetu, nasi tumeombwa tukae majumbani kwa utulivu unaolingana na hali yetu.

Baada ya kuisikia habari hiyo nimeketi kuandika. Ewe ndugu uliyeletwa kwa lori kutushangilia, na ambaye mkononi mwako itakuwa imetiwa karatasi hii baina ya wimbo na hotuba, isome hadi mwisho kisha uikunje. Wewe una namba. Wewe u hai, na Mfumo unalijua hilo. Ukitoka penye mnara ushike njia ya mkono wa kushoto, upande kilima, uvue viatu, uwasalimu waliolala. Utamkuta mama mmoja amesimama kaburini kwa Fundi Mbwana. Atakuonyesha pa kuweka uso wako. Hutaumia. Utapoteza shule ya wanao na mbolea yako na dawa zako, na hutaweza kulalamika popote; sitakudanganya kwamba ni kitu kidogo. Gari litakuja kukuchukua Alhamisi. Vuai anasema siku moja ya kuchelewa huenda ikasameheka, na ya pili hataki hata kuitaja. Tumebakisha sindano moja. Tunahitaji maiti mmoja tu.

Sikujui, lakini nimekwisha kukuombea, na nitakusalia iwapo utapenda.

Nilipofika kwenye maneno haya Hidaya aliingia barazani kwangu na kikombe chake cha bati. Mama yake alikuwa nyuma yake, ameshika nguzo, anatazama. Mtoto alikiinua kikombe, akanywa funda moja, la pili, la tatu, akakiteremsha kikiwa kitupu, akajifuta mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Babu Maalim," aliuliza, kama anavyouliza zamu ya kufagia chuo, "kesho anakufa nani?"